MALI BILA DAFTARI: Yafaa Mfanyakazi Ajue Kusoma Hesabu za Kampuni

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili aghalabu huambiwa mwenye duka, ili asikopeshe watu bila ya kuandika. Leo twapenda kulielekeza kwa mtu mwingine ambaye hadhaniwi kuwa na haja ya daftari: mfanyakazi wa kiwandani, dereva wa lori, karani wa ghala, mpakuaji wa mizigo bandarini. Huyu mali yake katika kampuni ni jasho lake. Hesabu za kampuni zikiharibika, yeye ndiye wa kwanza kurudi nyumbani mikono mitupu, na ndiye wa mwisho kuambiwa sababu.

Kila mara kurasa za magazeti hubeba majedwali marefu ya mabenki na makampuni. Wengi wetu huzifunua upesi kurasa hizo tukitafuta habari za mpira. Twadhani kwamba majedwali hayo yameandikwa na wakubwa kwa ajili ya wakubwa wenzao. Fikira hiyo ni potofu, nayo imetugharimu sana. Mtu ajuaye kujumlisha na kutoa, na aliyepata kuendesha nyumba kwa mshahara mdogo mpaka mwisho wa mwezi, anayo tayari elimu nusu ya ile inayotakiwa. Nusu iliyobaki ni kujua maneno tu.

MAKOSA MAWILI

Katika mikutano ya majadiliano ya mishahara makosa mawili hutokea mara kwa mara. La kwanza ni pale menejimenti isemapo, “Kampuni haina fedha,” nao wajumbe wa wafanyakazi wakakubali au wakakataa kwa hasira, lakini pasipo kuuliza lolote juu ya hesabu. La pili ni pale gazeti litangazapo kwamba kampuni imepata faida kubwa, nao wafanyakazi wakaamini kwamba fedha hizo zimelala benki zikiwangoja. Katika makosa yote mawili, mfanyakazi ametegemea mdomo wa mtu mwingine.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mabenki yakataifishwa siku iliyofuata, mali nyingi ilipita mikononi mwa umma. Waraka wa Rais Nambari 1 wa mwaka 1970 ukaanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU ukafuata mwaka 1971, ili mfanyakazi awe na sauti mahali pake pa kazi. Sauti ikapatikana, lakini sauti isiyo na hesabu ni kelele. Miaka ya 1990 ilipofika, na mashirika mengi yakauzwa, ni wangapi miongoni mwetu walioweza kuichukua mizania ya shirika lao na kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mali ilianza kuvuja?

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri akipe chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa taarifa kinazozihitaji ili kijadiliane naye kikamilifu. Haki hiyo ipo katika karatasi. Lakini haki ya kupewa hesabu yamfaa nini mtu asiyejua aanze kuzisoma wapi?

VITABU VITATU

Hesabu za kampuni ni nyingi, lakini zilizo kuu ni tatu, nazo hazina budi kusomwa pamoja.

Ya kwanza ni mizania. Hii yaonyesha hali ya kampuni katika siku moja tu, kama picha iliyopigwa siku ya mwisho ya mwaka. Upande mmoja zimeandikwa mali zote: majengo, mitambo, bidhaa zilizo ghalani, fedha ambazo wateja hawajalipa, na fedha zilizo benki. Upande wa pili yameandikwa mambo mawili: madeni ambayo kampuni yadaiwa, na mtaji wa wenyewe. Pande hizi mbili lazima zilingane siku zote. Kijana mwenye pikipiki ya shilingi 3,000,000, naye angali anadaiwa shilingi 2,000,000 na aliyemkopesha, aonekana barabarani kuwa ni mtu wa milioni tatu. Kilicho chake hasa ni milioni moja. Mizania yamtoa mtu huyu katika macho ya wapita njia na kumweka katika ukweli.

Ya pili ni hesabu ya faida na hasara, ambayo ni habari ya mwaka mzima. Huanza na mauzo, ikatoa gharama za kutengeneza bidhaa, kisha gharama za kuendesha ofisi, kisha uchakavu wa mitambo, kisha riba ya mikopo, kisha kodi. Kibakicho mwisho ndicho faida. Hapa yapasa tuwe macho, kwani mauzo huandikwa siku bidhaa inapotoka, hata kama mteja hajalipa senti moja. Hesabu hii ni kama mama wa nyumba ahesabuye maji yaliyo katika pipa pamoja na yale ambayo jirani ameahidi kumletea kesho.

Ya tatu ni hesabu ya mtiririko wa fedha. Hii haitaki kujua ahadi. Yauliza jambo moja tu: ni fedha kiasi gani zilizoingia kweli, na ni kiasi gani zilizotoka? Mishahara hailipwi kwa faida. Hulipwa kwa fedha. Kwa hiyo hesabu hii, ambayo huwekwa nyuma na kusomwa na wachache, ndiyo iliyo karibu zaidi na tumbo la mfanyakazi.

TUSEME KIWANDA CHA SABUNI

Ili maneno haya yasibaki hewani, tutunge kiwanda cha sabuni katika mji wowote ule. Hesabu zake za mwaka, kwa mamilioni ya shilingi, ziwe hivi:

Mauzo 1,200
Gharama za kutengeneza sabuni 840
Faida ghafi 360
Gharama za uendeshaji 210
Uchakavu wa mitambo 50
Riba 40
Faida kabla ya kodi 60
Kodi 18
Faida halisi 42

Mwaka uliotangulia mauzo yalikuwa 1,000. Basi mkurugenzi asimama mbele ya mkutano na kutangaza kwamba mauzo yamepanda kwa asilimia 20 na kwamba faida ya milioni 42 imepatikana. Watu wapiga makofi, na wenye hisa wagawiwa gawio la milioni 30. Sasa na tufungue mizania kabla ya makofi kutulia. Mali ni hizi, mwaka huu kwanza, na mwaka jana katika mabano:

Majengo na mitambo 500 (510)
Bidhaa ghalani 260 (150)
Wateja wanaodaiwa 300 (120)
Fedha benki 10 (28)
Jumla 1,070 (808)

Na upande wa pili:

Wauzaji wa malighafi 350 (220)
Mikopo ya kulipwa ndani ya mwaka 170 (100)
Kodi na michango ya hifadhi ya jamii isiyopelekwa 80 (30)
Mkopo wa muda mrefu 200 (200)
Mtaji wa wenyewe 270 (258)
Jumla 1,070 (808)

Tazama, ndugu msomaji, jinsi picha inavyobadilika. Mauzo yameongezeka kwa milioni 200, lakini deni la wateja limeongezeka kwa milioni 180. Maana yake ni kwamba karibu ongezeko lote la mauzo limeandikwa katika daftari la wakopaji. Ukigawa deni la wateja kwa mauzo, kisha ukazidisha kwa siku 365, utaona kwamba mwaka jana mteja alilipa baada ya siku 44 hivi. Mwaka huu alipa baada ya siku 91. Yamkini sabuni imesukumwa kwa watu wasioweza kulipa ili mauzo yaonekane makubwa. Na hata hivyo bidhaa ghalani zimeongezeka kutoka 150 hadi 260. Hiyo ni dalili kwamba kiwanda chatengeneza kuliko kinavyouza.

FAIDA IPO, FEDHA HAKUNA

Sasa tufanye hesabu ya tatu kwa mikono yetu wenyewe. Tuanze na faida, milioni 42. Turudishe milioni 50 za uchakavu, kwa kuwa uchakavu ni gharama ya kweli, lakini hakuna mtu aliyepewa fedha hizo mwaka huu. Twapata 92. Tutoe 180 ambazo wateja hawajalipa, na 110 zilizolala ghalani katika maboksi. Twafika chini ya sifuri kwa milioni 198. Wauzaji wa malighafi wamecheleweshewa milioni 130 zaidi ya mwaka jana, na kodi na michango ya wafanyakazi isiyopelekwa imeongezeka kwa milioni 50. Tukijumlisha hizo, kazi ya mwaka mzima ya kiwanda imeleta upungufu wa milioni 18.

Hebu turudie ili jambo hili lituingie. Kiwanda kilichotangaza faida ya milioni 42 kimepoteza fedha milioni 18 katika shughuli zake. Na upungufu ungalikuwa mkubwa zaidi kama si kwa kushikilia fedha za watu. Miongoni mwa fedha hizo ni michango iliyokatwa katika mishahara ya wafanyakazi wenyewe, ambayo ilipaswa kupelekwa kila mwezi katika mfuko wao wa uzeeni. Mfanyakazi amekikopesha kiwanda bila ya kuombwa, bila ya riba, na bila ya kujua.

Juu ya hayo kiwanda kimenunua mitambo ya milioni 40 na kulipa gawio la milioni 30. Fedha hizo zilitoka wapi? Milioni 70 zilikopwa benki, na nyingine 18 zilichotwa katika akiba. Kukopa harusi, kulipa matanga. Gawio limekwisha kuliwa, na deni limebaki kiwandani pamoja na wafanyakazi.

Tumalizie kwa vipimo viwili. Chukua mali zinazoweza kugeuka fedha ndani ya mwaka, yaani 260, 300 na 10, jumla 570. Zilinganishe na madeni ya kulipwa ndani ya mwaka, yaani 350, 170 na 80, jumla 600. Kwa kila shilingi 100 zinazodaiwa zipo 95 za kulipia. Na ukiitoa sabuni iliyo ghalani, zabaki 52 tu. Kipimo cha pili ni madeni yote, milioni 800, yakilinganishwa na mali yote, milioni 1,070. Katika kila shilingi 100 za mali ya kiwanda hiki, 75 ni za watu wengine.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Vipimo hivi hutofautiana kwa kadiri ya biashara. Duka kubwa la vyakula huuza kwa fedha taslimu na kulipa wauzaji wake baadaye, hivyo laweza kuishi na madeni makubwa ya muda mfupi maadamu bidhaa zatembea. Lakini wauzaji wakichoka kungoja, rafu huwa tupu, na wateja huenda kwingine. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka kwamba mwezi wa Oktoba 2015 kampuni ya Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Kwa hiyo usilinganishe kiwanda na duka. Linganisha kiwanda na kiwanda, na mwaka huu na miaka mitatu au minne iliyopita.

KISA CHA UINGEREZA

Pengine msomaji atasema kwamba kiwanda chetu cha sabuni ni cha kutungwa, na kwamba katika nchi zenye wahasibu wengi mambo kama haya hayawezekani. Basi na asikilize habari ya Carillion.

Carillion ilikuwa kampuni kubwa ya ujenzi na huduma nchini Uingereza. Ilijenga hospitali, ikatunza shule na magereza, nayo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 43,000 duniani. Mwezi wa Machi 2017 ilitoa hesabu zake za mwaka 2016: mauzo pauni bilioni 5.2 na faida kabla ya kodi pauni milioni 147. Wenye hisa wakaahidiwa gawio la pauni milioni 79 kwa mwaka huo, kiasi kikubwa kuliko miaka yote iliyotangulia. Wakaguzi wake, KPMG, walikuwa wamezipa hesabu hizo hati safi.

Tarehe 10 Julai 2017, yaani miezi minne tu baadaye, kampuni ilikiri kwamba mikataba yake haikuwa na thamani iliyoandikwa, ikafuta pauni milioni 845. Tarehe 15 Januari 2018 ikawekwa mikononi mwa mfilisi. Kamati za Bunge la Uingereza zilizochunguza jambo hilo zilieleza kwamba kampuni ilikuwa imebakiwa na fedha pauni milioni 29 tu, huku ikiwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7. Wauzaji na makandarasi wadogo wapatao 30,000 walikuwa wakiidai. Watu 27,000 waliokuwa katika mifuko yake ya pensheni wakaangukia pensheni pungufu. Maelfu wakapoteza kazi.

Je, dalili hazikuwapo katika hesabu? Zilikuwapo. Katika mizania ya mwisho wa mwaka 2016 kampuni iliandika zaidi ya pauni bilioni 1.5 kuwa ni thamani ya jina na sifa, yaani zile fedha za ziada ilizolipa iliponunua makampuni mengine kwa bei iliyozidi mali zake za kushikika. Mtaji wote wa wenyewe ulikuwa pauni milioni 730 hivi. Futa hiyo thamani ya jina, nayo mizania yageuka kuwa shimo. Dalili ya pili ni kwamba kuanzia Januari 2012 hadi Juni 2017 kampuni ililipa gawio lililozidi kwa pauni milioni 333 fedha ilizozipata katika shughuli zake. Tatu, mabenki yaliwalipa wauzaji kwa niaba ya kampuni, na deni hilo la benki likaandikwa miongoni mwa wadai wengine badala ya kuandikwa kuwa mkopo. Ni kisa kile kile cha sabuni, isipokuwa tarakimu ni kubwa zaidi.

Mwezi wa Oktoba 2023 KPMG ilitozwa faini ya pauni milioni 21 kwa kasoro za ukaguzi wa kampuni hiyo. Faini hiyo haikumrudishia kazi mfanyakazi hata mmoja. Hapa twajifunza kwamba hati ya mkaguzi ni jambo la kuheshimiwa, nasi tuitazame kwanza kila tufunguapo hesabu: je, ni hati safi, au ni hati yenye shaka, au mkaguzi amekataa kutoa maoni? Lakini hati safi haiondoi wajibu wetu wa kusoma na kuuliza.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Tawi lolote la wafanyakazi, kabla ya kuingia katika majadiliano, lichague watu wawili au watatu wenye bidii, likawapa hesabu za miaka minne, nao wajibu maswali haya.

Kwanza, shughuli za kampuni zaleta fedha, au zaleta faida ya karatasi tu? Pili, deni la wateja na bidhaa ghalani zaongezeka kwa kasi kuliko mauzo? Tatu, madeni yatakayoiva mwaka huu yatalipwa kwa nini? Nne, gawio na malipo ya wakurugenzi yatoka katika fedha zilizopatikana au katika fedha zilizokopwa? Tano, michango ya uzeeni iliyokatwa katika mishahara imepelekwa? Sita, maelezo yaliyochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya hesabu yasema nini juu ya kesi mahakamani, dhamana zilizotolewa, na biashara kati ya kampuni na jamaa za wakurugenzi wake?

Mtu mwenye majibu hayo hutofautisha kampuni iliyo maskini kweli na ile inayojifanya maskini siku ya majadiliano. Akikuta fedha zipo, atadai haki yake kwa tarakimu, wala hatahitaji kupaaza sauti. Akikuta hazipo, hatawadanganya wenzake kwa kudai kisichopo, bali atauliza mapema nani anaipeleka wapi mali ya kampuni, wakati ingali ipo njia ya kuiokoa.

WAJIBU WETU

Wanachama nao wana sehemu yao katika jambo hili. Hesabu za mashirika ya umma hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na taarifa yake huwekwa mbele ya Bunge. Taarifa hiyo ikitoka, sisi hupenda kuzungumza juu ya mabilioni kwa siku mbili tatu, kisha tukanyamaza. Yafaa mazungumzo hayo yapelekwe katika matawi, ambako watu watakaa na karatasi, kalamu, na subira, wakafundishana mstari mmoja baada ya mwingine. Katika kila tawi hapakosi karani, mwalimu, au mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana awezaye kuongoza somo hilo jioni moja kwa juma.

Chama cha ushirika, kikundi cha akina mama, na hata msikiti na kanisa vina hesabu zake. Aliyejifunza kusoma hesabu za kiwanda hatashindwa kuuliza juu ya hizo. Wala asione haya kuuliza, kwani mweka hazina mwaminifu hufurahi aulizwapo, na yule akasirikaye amekwisha kutujibu.

Mfanyakazi ndiye aifanyaye mali kwa mikono yake mchana kutwa. Haifai jioni aiache chini ya daftari asilolijua. Siku nyingine gazeti likija na yale majedwali marefu, tusiifunue kurasa ile upesi. Tuketi, tuchukue kalamu, na tuanze na hesabu ya tatu.